Marehemu Alikuwa Jikoni Anakula Chapati

Geti liligongwa mwendo wa saa tatu usiku. Nilidhani ni mgeni aliyechelewa, nikatoka kufungua vilevile nilivyokuwa, kofia ya nahodha kichwani na masharubu ya wanja juu ya mdomo.

Alikuwa mama jirani wa nyumba ya tatu. Amejifunga leso kiunoni, nyingine kaitupa begani, tochi mkononi. Nyuma yake walisimama wanawake wawili ninaowajua kwa sura tu, na kijana wa boda aliyeacha pikipiki ikinguruma kando ya barabara, tayari kutumwa.

"Pole, mwanangu," akaniambia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nani ametuacha?"

Kutoka sebuleni nduru ikapanda tena, ndefu, ya mtu anayejua kazi yake.

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni mchezo. Tunacheza."

Akamulika masharubu yangu. Akamulika kofia.

"Mnacheza matanga?"

Sikuwa na jibu. Marehemu mwenyewe alikuwa jikoni, amesimama karibu na jiko, anakula chapati mbiombio kwa sababu yeye ni kondakta wa basi la usiku la Nairobi, na basi halimsubiri mfu.

Kisa hiki nimekisimulia kazini, sokoni na kanisani tangu Desemba. Watu hucheka, nami hucheka nao. Lakini kicheko kikiisha, lile swali la getini hubaki limekaa, na wiki zinapita halijaondoka. Ndiyo maana naandika.

## Nani atakuwa boi?

Kikundi chetu ni cha wasomaji wa vitabu, ingawa siku hizi tunakula kuliko tunavyosoma. Tuko Kisumu, wengi wetu ni walimu. Kila Desemba tulikuwa tunashuka ufukweni Dunga kula samaki, tunapiga picha jua likizama, tunarudi. Mwaka jana mmoja wetu akatangaza kwamba samaki wamemchosha (Mungu amsamehe) na akapendekeza usiku wa fumbo la mauaji: kila mtu avae kizamani, apewe uhusika, mmoja "auawe", na waliobaki wamsake muuaji. Kazi ya kuandaa ikaniangukia mimi kwa kosa la kuuliza maswali mengi.

Michezo ya namna hii imejaa mtandaoni, tayari kuchapwa. Nikapakua mmoja. Mwaka ni 1920 na ushei, mahali ni jumba la kifahari huko Uingereza, nje theluji imefunga barabara, ndani kuna lodi, mke wa lodi, kanali, mwigizaji, daktari na mtumishi wa glavu nyeupe. Ni ukoo mmoja na Cluedo, mchezo wa ubao aliobuni Anthony Pratt, mwanamuziki wa Birmingham, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, pale giza la kujikinga na mabomu lilipokuwa limezima karamu za majumbani. Uliingia madukani mwaka 1949. Vyumba tisa, watuhumiwa sita, na maiti moja isiyo na mtu wa kuililia.

Hilo la maiti sikuliona wakati huo.

Nilituma orodha ya wahusika kwenye kundi la WhatsApp. Jibu la kwanza likaja kabla sijaweka simu chini: "Nani atakuwa boi?"

Vikaragosi vya kicheko vikamiminika. Wa kujitolea hakuonekana.

Mmoja akasema tuhamishie mambo hapa hapa Kenya, tuchukue kisa cha Lord Erroll, mlowezi aliyekutwa amepigwa risasi kichwani ndani ya gari lake nje ya Nairobi alfajiri ya Januari 24, 1941. Mlowezi mwenzake, Sir Jock Delves Broughton, alishtakiwa, Julai akaachiliwa, na mpaka leo hakuna aliyehukumiwa. Kila kitu cha karamu kipo mle: shampeni, wivu, lulu, bastola, walowezi waliokuwa wakilala mchana na kuamka usiku. Nikakaa nacho siku kadhaa. Shida ilikuwa kwamba kila nilipojaribu kumwandika Mwafrika ndani ya kisa hicho, kalamu ilimpa trei. Mwaka huo babu yangu alikuwa anatembea na kipande, kile kitambulisho cha kikoloni, kimening'inia shingoni, kimeandikwa mwajiri wake ni nani. Mimi nikodi gauni la lulu nikajistareheshe katika miaka ile ile? Mikono ilikataa.

Zamani tuliitaka. Tulikuwa hatujakubaliana ni zamani ya nani.

## Ziwa badala ya theluji

Aliyetukwamua ni mzee mmoja wa kikundi, fundi wa redio mstaafu, ambaye huzungumza mara moja kwa mwezi. Akaandika maneno mawili tu: "Chukueni meli."

Nikacheka peke yangu chumbani. Mafumbo ya mauaji yote yanahitaji mahali pasipo na mlango wa kutorokea. Wenzetu wana theluji. Sisi tuna ziwa. Ukiwa katikati ya Musoma na Mwanza saa nane za usiku, muuaji hana pa kwenda, na wewe pia huna.

Basi ikawa meli ya Victoria, iliyoanza kulizunguka ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell na kurudi. Mwaka nikauweka 1967, mwezi Desemba, kwa sababu mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala mwezi Juni mwaka huo na kuanza kazi tarehe mosi Desemba. Watu wa meli hiyo wana uhuru wa miaka michache mfukoni, wana Jumuiya mpya kabisa, na hawajui kwamba miaka kumi baadaye itavunjika na hata meli zitagawanywa, Victoria ibaki Tanzania na meli ya Uhuru ije Kenya. Hilo wageni walilijua, wahusika wao hawakulijua, na nilipenda jinsi lilivyokaa chinichini katika mazungumzo ya usiku ule. Mtu alikuwa anasema "mwakani nitafungua tawi Mwanza," na meza nzima inaguna.

Nguo zilitoka soko la mitumba la Kibuye. Jumapili asubuhi, marobota yakiwa yamefunguliwa punde, unapata kamera yenyewe, yaani nguo za daraja la kwanza, kabla wenye maduka hawajachagua. Nilipata koti la rangi ya majani makavu lenye kola pana, mifuko imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, na ndani ya mfuko wa kushoto kulikuwa na tiketi ya ukumbi wa sinema wa nchi fulani isiyo yetu. Vijana wote wakaja na suruali za kengele zinazofagia sakafu. Mwalimu mstaafu wa kikundi, mwenye miaka sabini na kitu, akawatazama kwa huruma: "Sitini na saba suruali zilikuwa za kubana. Hizo zenu bado hazijazaliwa." Yeye alivaa gauni lake mwenyewe, la teteroni, alilolihifadhi kabatini muda wote huo. Lilimtosha.

Taa za umeme tulizima, tukawasha kandili. Simu zikaingia kwenye kikapu chenye kifuniko. Mzee wa redio alileta gramafoni na santuri za rumba, moja ilikuwa na mkwaruzo uliorudisha gitaa nyuma kila mara pale pale, na mpaka leo nikisikia rumba nasubiri mkwaruzo.

## Wahusika wasio na majina

Mchezo wa kupakua huja na majina kamili ya wahusika. Hapa kwetu huwezi. Ukimpa muuaji jina, umempa na kabila, na umempa na wilaya aliyotoka.

Kikundi chetu kina Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Mkikuyu mmoja aliyelelewa Nakuru, na Mhindi mmoja aliyezaliwa Kisumu kabla yetu sote. Baadhi yetu tunakumbuka vizuri mno tulikuwa wapi Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, na nani alitufichia vitu vyetu. Kwa hiyo muuaji angeitwa nani? Nilijaribu majina ya Kizungu ya ubatizo matupu, nikaona hayasaidii, watu wataongeza la pili wenyewe vichwani. Mwishowe nikafuta yote. Tukawa na Karani wa Meli, Mwenye Hoteli, Mfanyabiashara wa Pamba, Muuguzi wa Bukoba, Mwalimu wa Misheni, Bibi Harusi, Fundi wa Mitambo, Mwanamuziki. Mimi Nahodha, kwa kuwa Nahodha ndiye anayejua kila kitu na hasemi.

Mwenzetu Mhindi alinipigia simu mapema. "Usinifanye mwenye duka, tafadhali." Nilikuwa nimemwandikia duka. Akawa Mwanamuziki, na aliimba.

Amri nyingine mbili nilijiwekea: asiwepo mwanasiasa, asiwepo polisi. Sababu zake kila mtu wa Kisumu anazijua, nami nitazirudia huko chini.

## Hati ya deni

Kila mgeni alipata bahasha: wewe ni nani, unajua nini, unaficha nini. Sheria ni kwamba unaweza kukwepa swali lakini ukibanwa uso kwa uso huruhusiwi kudanganya, isipokuwa muuaji. Yeye peke yake ana leseni ya uongo.

Wa kuuawa alikuwa Karani wa Meli, huyo binamu yangu wa basi, niliyemchagua makusudi kwa sababu lazima angeondoka mapema. Muuaji alikuwa Mwenye Hoteli. Alikuwa ameghushi hati ya deni ili akinyakue kiwanja cha Karani mjini Kisumu, Karani akagundua, na safari ile ndiyo iliyokuwa ya kufichuliwa.

Hati yenyewe ndiyo iliyokuwa fahari yangu. Niliichapa kwa taipureta, nikailowesha katika chai ya rangi, nikaianika juani, nikaikunja na kuikunjua mpaka mikunjo ikaanza kukatika. Ilisema kwamba Machi 1965 Karani alipokea shilingi elfu tatu, "noti za Benki Kuu ya Kenya", na kiwanja chake ni dhamana.

Siri iko hapo. Machi 1965 Benki Kuu ya Kenya haikuwapo. Ilianzishwa 1966, na noti zake za kwanza zilitoka Septemba mwaka huo. Kabla ya hapo tulikuwa tunatumia shilingi ya Afrika Mashariki, Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja. Kwa hiyo hati iliandikwa baadaye, na aliyeitoa ni mwongo. Bila simu mkononi, nilihesabu kwamba ushahidi huo utawachukua hadi usiku wa manane, na nilikuwa nimeandaa bahasha za duru tatu za kuwasogeza polepole.

Duru hizo hazikufanyika.

## Mwili ulipoonekana

Baada ya chakula, kandili moja ikazimwa kama tulivyopanga, pakawa na kishindo, na Karani akakutwa kifudifudi nyuma ya kochi, yaani kwenye sitaha ya daraja la pili. Damu ilikuwa maji ya rozela.

Maandishi yangu yalisema hivi: "Abiria wanashtuka. Nahodha anafunga milango. Uchunguzi unaanza."

Abiria hawakushtuka kimya kimya. Bibi Harusi, ambaye mchana ni mwalimu wa hesabu mwenye sauti ya chini sana, alishika kichwa kwa mikono miwili akapiga nduru iliyotikisa glasi. Wa pili akaipokea. Muuguzi wa Bukoba akavua kanga, akamfunika marehemu kwa heshima kamili, akamvuta miguu inyooke. Marehemu akanong'ona kwamba sakafu ni baridi. Akaambiwa anyamaze, maiti haina maoni.

Nikasafisha koo. "Abiria, naomba tuanze kuulizana nani alikuwa wapi..."

"Nahodha, subiri," akasema Mfanyabiashara wa Pamba, amekwisha simama. "Kabla ya hayo. Huyu mtu ni wa wapi? Tunampeleka kwao kwa njia gani?"

Na hapo mchezo ukanitoka mikononi.

Maana lilikuwa swali la kweli. Tuko katikati ya ziwa, mwaka 1967. Mwili ushushwe Mwanza au urudi Kisumu? Nani atampelekea mke wake habari? Ana wake wangapi? Sikuwa nimeandika hata mke mmoja. Kwa dakika chache Karani wangu akapata wawili, na Muuguzi wa Bukoba akajitangaza wa pili, na mzozo wa nani akae karibu na jeneza ukachukua muda mrefu kuliko chakula. Wakaunda kamati ya mazishi. Wakachagua mweka hazina, na pesa asishike mtu mmoja. Daftari likatoka sijui wapi, ahadi zikaanza kuandikwa: shilingi ishirini, shilingi kumi, gunia la pamba liuzwe. Mwenye Hoteli akaahidi mia mbili.

Mia mbili za 1967! Watu wakageuka kumtazama. Hakuna maandishi yangu yaliyomwambia aahidi hivyo. Kijana anayecheza uhusika huo aliniambia baadaye kwamba aliona aibu ya kuua.

Kisha mfawidhi (walikuwa na mfawidhi tayari) akatoa tangazo lile ambalo hatukosi kulisikia kwenye matanga yoyote: mwenye kumdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, ajitokeze sasa, tusije tukasumbuana na familia baadaye. Mwenye Hoteli akaona mlango umefunguka. Akatoa hati yangu ya chai ya rangi, akaisoma kwa huzuni, akaipitisha.

Ikafika kwa Mwalimu wa Misheni, yule mama wa gauni la teteroni. Akaisogeza karibu na kandili. Akasoma mara moja. Akaanza kutikisika mabega kwa kicheko.

"Benki Kuu gani, mwanangu? Mshahara wangu wa kwanza nilipokea noti za Afrika Mashariki, na nakumbuka siku tulipopewa za Mzee Kenyatta, watu walizishika kama Biblia mpya. Sitini na tano hazikuwapo." Akamtazama Mwenye Hoteli juu ya miwani. "Umeua mtu kwa sababu ya kiwanja, halafu unamchangia mia mbili?"

Kwa hiyo muuaji alipatikana kwenye kikao cha mazishi. Upelelezi wenyewe haukupata nafasi ya kuanza.

Ni katikati ya shangwe hiyo, wakiwa wamerudia nduru kwa mbwembwe ili Mwenye Hoteli "atupwe ziwani", ndipo geti likagongwa.

## Mama jirani

Nilimkaribisha ndani, yeye na wenzake. Chai ikaletwa. Kijana wa boda alikunywa yake mlangoni akaondoka, akamchukua na marehemu kama abiria hadi steji ya basi, jambo ambalo nadhani atalisimulia maisha yake yote.

Mama akaketi, akalitazama lile daftari la michango lililokuwa mezani. Akafungua. Akasoma majina na ahadi, ukurasa wote. Sisi tumetulia kama watoto waliokutwa jikoni.

"Mmelipanga vizuri," akasema.

Akanywa chai. Akasifu chapati. Akauliza gauni la teteroni lilishonwa wapi, na akina mama wawili wakaingia katika habari za fundi mmoja wa zamani wa mjini. Nilianza kuamini kwamba yamekwisha. Alipokuwa anaaga, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuulizana bei ya nyanya:

"Siku nyingine mkilia, tutajuaje?"

Nimejaribu kulijibu swali hilo kwa njia nyingi. Njia rahisi ni kusema watu wazima wana haki ya kujiburudisha nyumbani kwao. Ni kweli. Lakini nduru haiishii nyumbani kwako. Ina mpokeaji. Mama yule aliacha ugali mezani, akafunga leso, akaita wenzake, akamtafuta kijana wa pikipiki iwapo patahitajika mtu wa kukimbizwa hospitali, yote kwa muda usiotosha kuchemsha chai. Hakuuliza kwanza kama ni kweli. Akiuliza kwanza, hatakuwa jirani tena, atakuwa mtu anayeishi karibu. Na sisi tuliutumia mwendo wake huo bila yeye kujua, kupamba karamu.

Upande mwingine unanivuta vilevile. Wageni wangu hawakuwa wanadhihaki. Waliletewa mchezo ambamo mtu akifa anageuka chemshabongo papo hapo, wakashindwa kuucheza hivyo. Hawakukubaliana wala kupeana ishara. Miili yao tu ilijua kwamba mtu akianguka, kwanza unamfunika, unauliza kwao ni wapi, unatafuta watu wake. Hata kumsaka muuaji walikufanya humo humo, maana matanga yetu ndiyo yalivyo siku zote. Nani amekuja, nani hakuja, nani ameahidi kupita kiasi, nani hali chakula, mdai yupi ametokea ghafla. Ule mkutano wa mwisho ambapo mpelelezi huwakusanya watuhumiwa wote sebuleni, kwetu watu hujikusanya wenyewe, wanakesha, na macho yanafanya kazi.

Nikiulizwa usiku ule ulikuwa mzuri au mbaya, nasema ulikuwa mzuri kuliko nilivyouandika. Hilo halimjibu mama jirani.

## Bahasha ya mwisho

Kuna jambo moja zaidi. Baada ya wageni wa ghafla kuondoka, nilifungua bahasha ya mwisho kwa ajili ya utaratibu tu, nikasoma: muuaji ni Mwenye Hoteli, kwa sababu hii na hii. Watu wakapiga makofi. Mzee wa redio hakupiga.

"Raha ya huu mchezo ni hiyo bahasha," akasema. Hakuongeza neno.

Hakuhitaji. Ukikulia pande hizi, umekulia ukisikia watu wazima wakilipeleleza jambo la Februari 1990: Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, alivyotoweka nyumbani kwake Koru, mwili wake ukapatikana kilimani Got Alila. Wapelelezi wa Scotland Yard walikuja, tume ikakaa, kamati ya bunge ikakaa miaka mingi baadaye. Hakuna aliyehukumiwa. Kila mtu wa umri fulani ana maelezo yake, ana gari lake jeupe, ana mchunga mifugo wake aliyeona moshi. Nilipoweka amri ya kutokuwa na mwanasiasa wala polisi kwenye meli, nilijidanganya kwamba nalinda furaha ya wageni. Kumbe nilikuwa naogopa wangecheza vizuri mno. Wana mazoezi.

Na ndiyo, palipita kimya, kisha mtu akauliza kama kuna chapati zimebaki, maisha yakaendelea.

Kikundi kinataka mchezo mwingine. Safari hii wamechagua treni ya usiku, Nakuru hadi Kisumu, miaka hiyo hiyo ya sitini, na nimekubali kwa masharti. Majirani wataambiwa wiki nzima kabla, na anayetaka kiti atapewa. Atakayelia atalia kwa maneno au ajifunike uso, nduru haipigwi. Marehemu ataandikwa kwanza kuliko watuhumiwa: kwao, watoto wake, wanaomdai, mahali anapotaka kulazwa, maana sikuipenda ile aibu ya kuulizwa mtu wangu ni wa wapi nikiwa sina jibu. Mzee wa redio ameongeza sharti lake, kwamba mauaji yatokee kabla ya Londiani, kwa kuwa reli ile inapita Koru na hapo yeye hataki mtu afe hata kwa mchezo. Limepita bila kupingwa.

Tunachobishania sasa ni nguo za daraja la tatu na nani atapata tochi ya gadi. Mwalimu mstaafu ameshatangaza kwamba muuaji ni yeye, hana haja ya bahasha, na kwamba hati yoyote nitakayoiandika nimpelekee aikague kwanza.